Naomba ushauri: kiwango cha ozoni, tushushe namba au tubadili hesabu?

Wakuu, naomba msaada wa wanaojua kutafsiri ushahidi wa afya kuwa kiwango cha sheria. Mfano ninaoutumia ni Marekani, ambako mwaka 2015 EPA (mamlaka ya mazingira) ilishusha kiwango cha juu cha ozoni, gesi chafuzi katika hewa tunayovuta, kutoka ppb 75 (sehemu 75 kwa bilioni) hadi 70, wastani wa saa 8.

Majaribio ya kwenye chumba maalumu cha utafiti yalibeba uzito mkubwa: vijana wenye afya wanavuta ozoni kwa saa 6.6, wakifanya mazoezi na kupumzika kwa zamu. Kwenye ppb 72 hivi, pumzi inayotolewa sekunde ya kwanza ilipungua na dalili zikajitokeza. Kwenye 60 ilipungua pia, ila kidogo. Watoto wenye pumu hawamo humo kabisa, na ndio wanaocheza nje jua likiwa kali. Kwangu, hilo linatosha kudai nafasi ya usalama chini ya 70. Lakini ipimwe vipi?

Halafu kuna hesabu yenyewe ya kuona kama eneo limevuka kiwango. Huchukuliwa kipimo cha siku ya nne kwa ubaya kila mwaka, kisha wastani wa miaka 3. Siku tatu mbaya zaidi hazionekani!

WHO (2021) inashauri mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa saa 8. Msiilinganishe na 70 moja kwa moja: ppb 1 ni takriban mikrogramu 2, hivyo 100 ni kama ppb 50.

Mngeanza na kipi, namba au siku zinazohesabiwa? Na takwimu za watoto wanaolazwa kwa pumu mngezipa uzito gani, ikiwa chembechembe za moshi hupanda siku zilezile za ozoni nyingi?