Naombeni ushauri: nimegawa faili la CSS, sasa mitindo inagombana

Habari zenu wakuu. Tovuti ninayoitunza ina kurasa kama 40, na CSS yake yote (maelekezo ya rangi na mwonekano wa kurasa) ilikuwa imerundikwa kwenye faili moja la mistari 3,200. Nikaamua kuligawa: msingi.css, mpangilio.css, vitufe.css, fomu.css, na faili dogo kwa kila aina ya ukurasa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kitufe cha "Tuma", ambacho siku zote ni cha kijani, kikawa kijivu. Nimehangaika weee, kumbe kanuni za .kitufe (ya kijivu, iliyo kwenye vitufe.css) na .kitufe-tuma (ya kijani, iliyo kwenye fomu.css) zina uzito sawa, kwa hiyo inayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda, nami nilikuwa nimeiweka vitufe.css chini ya fomu.css. Nikapachika !important (alama ya kulazimisha kanuni ishinde nyingine), kijani kikarudi, lakini najua hiyo ni funika kombe tu.

Nimejaribu pia kuziita zote kwa @import (amri ya faili moja la CSS kuita jingine) kutoka faili moja kuu. Kwenye HTML inapendeza, ila kurasa zinachelewa kuonekana, maana kivinjari lazima kwanza kishushe faili kuu ndipo kijue kuna mengine.

Naandika kila kitu kwa mkono, sitaki kuingiza zana kubwa kwa kazi hii. Maswali yangu ni haya: je, nikitangaza mpangilio wa @layer (matabaka ya CSS yanayoamua kanuni zipi zishinde) mapema, nitaachana kabisa na hofu ya faili lipi litangulie? Na faili za kurasa maalumu, mnaziita kwa link (tagi ya HTML ya kuita faili la CSS) kwenye kurasa husika tu, au mnaunganisha zote kabla ya kupandisha?

Natanguliza shukrani.