Tupeane uzoefu: mbwa anayevuja mkojo usingizini, mlimudu vipi nyumbani?

MamaPopi:
Wakuu, leo niko foleni dukani, kijana mbele yangu kabeba pampasi za watu wazima, nikamkumbuka marehemu Popi wangu, German Shepherd jike. Alianza baada ya kutolewa kizazi. Mchana msafi kabisa, analia mlangoni afunguliwe. Ila usingizi ukimkolea, akiamka tu pale alipolala pana kidimbwi, mkia umelowa chapachapa, na yeye anakinusa kwa mshangao. Wifi yangu akataka awe anachapwa. Daktari wa mifugo akasema huko ni kumwonea, mnyama hana habari kama mkojo umetoka. Mbwa majike waliotolewa kizazi, hasa wenye maumbo makubwa, homoni zikipungua misuli inayobana njia ya mkojo hulegea. Aliandikiwa dawa yenye fenilipropanolamini ya kuikaza, ila alipimwa kwanza moyo na presha kwa sababu dawa yenyewe hupandisha presha. Ilisaidia, haikumaliza. Ninyi mlimudu vipi?

bint_Pangani:
Mbwa ndani?? Huku kwetu kazi yake geti. Akikojoa ni mchangani, mvua ikinyesha yameisha. Na sisi wenye kuswali, nguo ikipata mkojo wake ni najisi.

MamaPopi:
Mdogo wangu, mimi niko Arusha. Mbwa mzee ukimlaza nje usiku wa Julai, asubuhi hanyanyuki.

Mzee_Banda:
Bint, mimi pia naswali na mbwa ninaye. Nina kanzu ya bandani na ndala za bandani, zinakaa hukohuko. Haijawahi kuwa kesi.
Nirudi kwenye mada. Magunia msitandike, yanashika harufu balaa. Chini weka mpira wa kitanda, ule wa watoto, juu yake blanketi kuukuu, juu kabisa khanga chakavu. Asubuhi unafua khanga tu. Harufu ya sakafuni dawa yake siki, nusu siki nusu maji, iache ilowe kabla ya kudeki.

Noah_Nyeupe:
Mnazunguka sana. Mnyime maji kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kwisha habari.

DktNg'ombe:
Kaka Noah, hiyo acha kabisa. Mbwa anayekunywa kupita kiasi anakuwa na sababu: sukari, figo, au kizazi kilichojaa usaha kama hakijatolewa. Maji ndiyo yanayomshikilia, ukimnyima unamuua. Pima kwa kopo la lita. Ikizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mpeleke akapimwe. Wa kilo 30 maana yake lita 3. Na kama anapewa prednisolone kwa ajili ya kujikuna, hiyo nayo humnywesha na kumkojoza.

Noah_Nyeupe:
Dokta wa ng'ombe anatufundisha mbwa.

DktNg'ombe:
Ng'ombe naye anakojoa.

Kitwiru_Boy:
Wangu dume. Akaanza kudondosha matone sebuleni. Jirani yangu, fundi wa kila kitu, akaamua kuwa mbwa kazeeka, avalishwe pampasi. Mimi namwangalia: anainua mguu, anakaza, linatoka tone moja lina damu. Anahama, anakaza tena. Tumbo gumu, ukiligusa anabweka. Jioni akatapika. Nikampigia bwana mifugo, akasema huyo havuji, huyo kaziba, hayo matone ni kibofu kinachofurika, usingoje kesho.
Tukatoka Iringa usiku kwenda hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kufika Kitonga, lori limelala kwenye kona, magari yamesimama juu mpaka chini. Mke wangu siti ya nyuma kampakata kichwa anamsomea Zaburi, mbwa anaguna. Tukapenya. Kuingia Mikumi, tembo katikati ya lami! Kazi yake kula majani tu, hana haraka. Nimezima taa, kuhoni siwezi, nyuma huku mbwa kanyamaza kimya. Mke wangu akasema "amekufa". Nikashusha kioo nisikie kama anapumua, ikaingia harufu ya tembo, mbwa akanguruma!
Asubuhi Moro wakampitisha mpira. Jiwe lilikuwa limekwama kwenye njia ya mkojo, pale penye mfupa ulio ndani ya uume wa mbwa. Mkojo uliotoka rangi ya chai ya rangi, ulijaza beseni. Wakamtoa mawe. Yupo hadi leo, anabweka.

Noah_Nyeupe:
Tembo walikuwa wangapi?

bint_Pangani:
Tembo si ungemzunguka?

Kitwiru_Boy:
Dada, tembo hazungukwi.

Mchumi2:
Watu wanalala wawili kitanda kimoja wodini, ninyi mbwa anasafirishwa mikoa.

Kitwiru_Boy:
Mafuta yangu, mbwa wangu. Usiku wezi wakija Kitwiru utakuja kulinda wewe?

Mzee_Banda:
Mchumi fungua uzi wako wa wodi. Hapa tunaongelea mkojo.

Noah_Nyeupe:
Mpeni supu ya pweza, misuli itakaza yenyewe.

MamaPopi:
Hiyo kunywa wewe mdogo wangu, ulete mrejesho.
Nilisahau pampasi: toboa tundu la mkia, na usimwache nayo imelowa. Popi mapaja yaliwahi kuchubuka. Nikawa namwosha kwa maji ya uvuguvugu, namkausha, nampaka mafuta ya mgando kidogo. Zile krimu za watoto zenye zinki hapana, atazilamba na ni sumu kwake.

DktNg'ombe:
Sahihi. Na jiki msimwage juu ya mkojo mbichi, ule moshi unaowasha macho ni sumu. Vaeni glavu, mkojo wa mbwa unaweza kubeba leptospira, bakteria wa homa ya mgunda, na binadamu anaipata. Aliyeanza ghafla apimwe mkojo kwanza, pengine ni UTI tu.

Kaloleni_Junior:
Dokta samahani. Wangu ni kitoto, jike, anadondosha tangu nimchukue, mchana na usiku, hata akitoka kukojoa sasa hivi. Kizazi hajatolewa. Nayo ni homoni?

DktNg'ombe:
Kwa umri huo nisingeanzia homoni. Wapo wanaozaliwa mrija wa kutoka kwenye figo umepitiliza kibofu na kumwaga mkojo nje moja kwa moja. Inataka vipimo vya picha, na mara nyingi upasuaji. Uko mkoa gani?