Kontrola inakataa ombi la 128KB wakati karatasi yake inasema 128KB inaruhusiwa

draiva_mpya
Wakuu habari zenu. Naandika draiva ya Linux ya kontrola ya diski, karatasi yake ya maelezo inasema ombi moja mwisho 128KB, na orodha yake ya DMA (kifaa kufikia RAM moja kwa moja) ina nafasi 32. Nikaweka max_hw_sectors (ukomo wa ombi moja kwa sekta) 256 nikajua nimemaliza. Nikipima na dd (amri ya kunakili data), bs=128k iflag=direct (bila kupitia kashe), inasoma siku nzima haina shida, ila programu yetu ikisoma saizi ile ile kontrola inatoa kosa, tena sio kila mara, inapita mara kumi halafu inagoma. Nikishusha max_sectors_kb (ukomo wa ombi kwa KB, iko folda ya queue ya diski) mpaka 64 kosa linapotea. Niache hivyo au kuna kitu sikioni?

sekta512
Usiache hivyo mkuu, hapo umelificha tu. Angalia max_segments (ombi moja liwe na vipande vingapi vya RAM) kwenye folda hiyohiyo ya queue inasoma ngapi, nahisi 128, maana ndo kerneli (kiini cha Linux) inayoweka usipotaja kitu. Ukomo wa baiti umeusema, wa vipande hujausema, na kila kipande kinakula nafasi moja ya DMA. Piga hesabu: peji (kizio cha RAM) ni 4KB, bafa ya dd (eneo la RAM inakowekea data) inaanzia mwanzo wa peji kwahiyo 128KB inakaa peji 32 kamili. Ya programu yenu ikianzia katikati, tuseme baiti 512 ndani, data ileile inagusa peji 33 na wewe nafasi unazo 32. Kuna siku inapita kwa sababu peji zikitokea zimepakana kwenye RAM kerneli inaziunganisha kipande kimoja, hesabu inashuka. Weka max_segments 32, ombi likizidi kerneli italikata yenyewe kabla halijakufikia.

nyaya
Naongezea hapo. Hakikisha kila nafasi inabeba baiti ngapi, usipotaja max_segment_size kerneli inachukulia kipande kinaweza kufika 64KB. Halafu max_hw_sectors inahesabiwa kwa sekta za 512 hata diski iwe ya bloku za 4096, ukigawa kwa 4096 unatangaza ukomo mara nane chini. Kuna wanaosema taja namba ndogo uwe salama, mimi sikubali kabisa, ombi moja linageuka maombi kibao na spidi inakufa bila kosa lolote kuonekana, mtu anabaki analaumu diski. Siku ukigusa NVMe (aina ya diski za SSD), MDTS (ukomo wa ombi unaotangazwa na kontrola) sio saizi, ni kipeo cha 2: 5 maana yake peji 32, kama peji ndogo kabisa ya kontrola ni 4KB basi ni 128KB, na 0 maana yake hakuna ukomo.

draiva_mpya
Kweli ilikuwa 128! Nimeweka 32, max_sectors_kb nimeirudisha 128, tangu asubuhi hakuna kosa hata moja. Nafasi moja inabeba 64KB, nimehakikisha. Ila sasa nikifuatilia maombi naona mengine yanakatwa sekta 255 kisha sekta 1 peke yake, hiyo sekta moja inaniuma, kwahiyo naenda kupanga bafa ya programu ianzie mwanzo wa peji kwa posix_memalign. Asanteni sana wakuu.