Dogo anacheza kila mchezo halafu anataka kuigiza, kuna aliyetoboa hivi?

Mwaisa_Mafiati:
Wakuu habari za mvua, huku Mbeya haijakata tangu jana. Nina mtoto wa dada yangu yuko fomu foo, mpira yumo, basketi yumo, wavu yumo, mbio ndo usiseme, juzi pale Sokoine raba ilimpasuka akaifunga na kamba ya katani akamaliza wa pili. Sasa eti anataka aache shule aingie kikundi cha maigizo mtaa wa Soweto hapahapa Mbeya, dada halali. Hivi kuna mtu alianzia hivi akawa mwigizaji wa maana?

mkulima_uyole:
Yupo, Paul Robeson, Mmarekani mweusi, baba yake alikuwa mtumwa akatoroka. 1915 aliingia chuo cha Rutgers, akakichezea michezo minne, ule mpira wao wa kama yai, besiboli, basketi na riadha. Siku ya kwanza ya mazoezi ya huo mpira wa yai wenzake wazungu wa timu hiyohiyo walimvunja pua, baadaye mmoja akamkanyaga mkono makusudi kucha zikang'oka, na bado akarudi uwanjani!! Ila mwambie dogo jamaa HAKUACHA shule, alisoma mpaka sheria. Kwenye ofisi ya mawakili katibu mzungu akagoma kumwandikia kisa ni mweusi, akaondoka zake, ndo akazama kwenye jukwaa. 1943 kacheza Othello, ile tamthilia ya Shakespeare, New York maonyesho karibu 300.

tukuyu_baridi:
Dogo wetu akikanyagwa kucha tu atarudi nyumbani kwa bajaji 😂

Mama_Ndizi:
@mkulima_uyole ongezea na hili, akisoma sheria alikuwa anacheza huohuo mpira wa yai kwa kulipwa apate ada, kwa hiyo mwaisa usimkataze huyo mtoto kucheza. Halafu 1934 akiwa London alisomea Kiswahili chuoni, hichihichi chetu. Mwaka uliofuata kwenye filamu moja alikuwa nyota, na Jomo Kenyatta yumo humohumo kama mtu wa kujaza tu, mimi hilo liliniacha hoi. Baadaye Robeson mwenyewe aliikana ile filamu, ilivyowasifia wakoloni. Serikali yao ikamnyang'anya pasipoti 1950 kwa sababu ya mdomo wake, akakaa miaka 8 bila pasipoti.

Mwaisa_Mafiati:
Ndaga fijo, yaani asanteni sana jamani. Nimemsomea yote hapa jikoni, kwenye kucha kanyamaza anaangalia vidole vyake. Swali lake ni moja tu, eti huyo jamaa Kiswahili alikuwa anaongea kama watu wa Dar au kama sisi.