Nina miaka 51, nataka kuanza kuendesha tela. Nimechelewa?

Karani wa Bohari:
Habari zenu wadau. Miaka 22 nimekuwa karani wa bohari: nahesabu mzigo, nasaini karatasi, nafunga lakiri kwenye mlango wa tela, namuaga dereva. Sasa bohari linafungwa na watoto wangu wawili wa mwisho bado wanasoma. Leseni ninayo ya gari dogo, ajali sijawahi kupata. Sukari sina, presha ninayo, dawa nameza kila asubuhi. Kazi hii naipenda tangu ujana ila sikuthubutu kuigusa. Vijana kazini wananiambia mzee na tela wapi na wapi. Aliyeanza akiwa mtu mzima anieleze ukweli: mwili unahimili? Na nini kilikushinda mwanzoni?

Gia ya Chini:
Kaka, nilianza nikiwa na 49, leo nina 57. Kilichonitesa ni kurudi nyuma. Kwa gari dogo, ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kulia. Kwa tela ni kinyume: ukitaka mkia uende kulia unaanza kukata kushoto, kisha unarudisha usukani mapema kuufuata mkia, kabla kichwa, ile sehemu ya mbele yenye injini, hakijajikunja na kuligusa tela. Akili iliyozoea gari dogo miaka mingi inakataa kabisa. Wiki ya pili nilikaa nyuma ya karakana nikalia machozi. Kilichoniokoa ni kwenda polepole na kushuka. Ukipotea, simama, funga breki, shuka, zunguka ukaangalie kwa macho yako, panda tena. Mpaka leo nashuka, hata wakinipigia honi.

Mteremko nao usiudharau. Unapangua gia ukiwa bado juu, unaiacha injini ishike uzito. Anayekanyaga breki kilima kizima anazipasha moto mpaka zinaacha kushika, na hapo huna la kufanya. Nimeona vijana wepesi kuliko mimi wakishindwa hapo kwa sababu ya haraka tu. Subira uliyonayo ni mtaji.

Presha usiifiche. Pimwa kabla hujalipa ada ya chuo cha udereva, si baada, na umuulize daktari kama dawa unayomeza inaleta usingizi au kizunguzungu.

Mke wa Dereva:
Shemeji, mimi siendeshi, ila mume wangu alianza akiwa na 46. Alikuwa anakoroma sana, halafu kimya, pumzi imekatika, kisha anashtuka. Yeye mwenyewe hajui. Analala kwa muda wa saa nane na anaamka amechoka. Siku moja akasinzia kwenye usukani, Mungu akasaidia akaishia majanini. Alipopimwa usingizi alipewa mashine ya kumsaidia kupumua usiku, na sasa anaamka mtu mwingine. Muulize mkeo unalalaje. Kabla ya yote, muulize yeye.

Mwalimu wa Malori:
Mzee wangu, macho yanapimwa, na miwani inaruhusiwa kama nayo unafikia kiwango. Mimi nahofia zaidi magoti na mgongo. Usiruke kamwe kutoka kwenye kebini. Shuka ukiitazama, mikono miwili na mguu mmoja vimeshika, ndipo unasogeza mwingine. Kuhusu uchovu, Ulaya sheria inamtaka dereva apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Popote ulipo, anza na kipimo hicho.

Ukitafuta kazi utakutana na waajiri wanaotaka uzoefu wa barabarani, mara nyingi kwa ajili ya bima. Hapo watajie ile miaka 22 ya bohari. Mtu anayejua kupanga mzigo ni adimu. Uzito ukirundikana mwisho kabisa wa tela, kichwa kinakuwa chepesi na matairi yake yanapoteza mshiko. Wanafunzi wangu nawafundisha hilo wiki nzima, wewe unalijua tayari.

Karani wa Bohari:
Nawashukuru sana. Shemeji, nimemuuliza mke wangu jana usiku. Amesema pumzi inakatika, na kwamba kwa miaka amekuwa akinigusa bega ili niivute tena. Hakuniambia kwa kuwa alidhani ni uchovu wa kazi. Ada ya chuo nimeiweka pembeni. Jumatatu tunakwenda hospitali wote wawili, ili yeye ndiye amweleze daktari anachokisikia usiku.