Mjadala: Je, kanzidata ya mradi inafaa kukaa ndani ya Git?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili suala linalozua ubishi kila mara watu waliotawanyika wanapoanza kutunza data kwa pamoja: ni kanzidata ipi inayopatana na udhibiti wa matoleo usio na kitovu kimoja, yaani mifumo ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili kama Git na Mercurial, ambayo yote miwili ilizaliwa mwaka 2005 na humpa kila mshiriki nakala kamili ya historia kwenye kompyuta yake? Tuchukue mfano wa orodha ya zahanati inayohaririwa na watu wa kujitolea walioko Tanga, Kisumu na Bujumbura, baadhi yao wakiwa na intaneti ya kubahatisha, kila mmoja akifanya kazi kwenye tawi lake, yaani mkondo wake wa mabadiliko, na kuleta marekebisho yake baadaye.

Msimamo wangu ni kwamba faili la kanzidata lenyewe lisiingizwe kwenye Git. Kinachostahili kuingizwa ni maandishi ambayo kanzidata hujengwa kutokana nayo, na kanzidata yenyewe ichukuliwe kuwa zao linaloweza kufutwa na kujengwa upya wakati wowote.

Nianze na SQLite, kwa kuwa ndiyo wengi huikimbilia: kanzidata nzima ni faili moja, haihitaji seva, na kuliingiza faili hilo kwenye Git ni jambo la amri moja tu. Tatizo huanza siku ya kuunganisha matawi. Git hulinganisha maandishi mstari kwa mstari, ilhali faili la SQLite ni mfululizo wa kurasa, ambazo tangu toleo 3.12.0 la mwaka 2016 huwa na baiti 4096 kila moja usipoagiza vinginevyo. Mwanzoni mwa faili kuna kichwa cha baiti 100, na ndani yake mna kihesabu ambacho, katika hali ya kawaida, huongezeka kila muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja) unapobadilisha faili. Kwa hiyo mtu wa Tanga akisahihisha jina la zahanati moja, na wa Kisumu akaongeza zahanati nyingine isiyohusiana nayo hata kidogo, kila mmoja atakuwa amelibadilisha faili lilelile kwa namna ambayo Git haiwezi kuisoma. Ikiombwa kuunganisha, itatangaza mgongano na kuliacha faili la upande mmoja, na anayeunganisha atabaki kuchagua kazi ya nani itupwe.

Wapo wanaosema dawa ni kuielekeza Git, kupitia faili la .gitattributes, ipitishe kanzidata kwenye amri ya .dump, inayoigeuza kuwa maandishi, kabla ya kuonyesha tofauti. Mbinu hiyo ni nzuri kwa kusoma, na mimi huitumia, lakini Git huitumia kwa maonyesho tu. Wakati wa kuunganisha hurudi kwenye baiti zilezile. Kuna na mtego wa hali ya WAL, ambapo miamala mipya huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni lenye kiambishi cha -wal: anayeingiza faili kuu peke yake huku programu ikiendelea kuandika anaweza kuhifadhi kanzidata isiyo na kazi ya asubuhi nzima, na asigundue mpaka mwenzake aichukue.

Maandishi nayo yana masharti yake. Kila rekodi ikae kwenye mstari wake, rekodi zipangwe kwa ufunguo (alama inayoitambulisha kila rekodi) usiobadilika, na programu inayozitoa izipange vilevile kila mara, la sivyo Git itaonyesha mamia ya mistari iliyohama kwa sababu tu kanzidata imezitoa kwa mpangilio mwingine. Na kabla ya yote, tuachane na namba za kufuatana. Watu wawili wakiwa kwenye matawi yao, kila mmoja akiongeza zahanati mpya baada ya namba 411, wote wawili watapewa 412, na hakuna mfumo wowote wa matoleo utakaojua kama hiyo ni zahanati moja au ni mbili. Tutumie UUID, yaani utambulisho mrefu unaozalishwa kwa namna ambayo ni vigumu sana kujirudia, au msimbo rasmi wa kituo pale unapokuwepo.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada ameieleza SQLite kama adui wa udhibiti wa matoleo, na hilo sikubaliani nalo. D. Richard Hipp, aliyeiunda SQLite, ndiye pia aliyeunda Fossil, mfumo wa matoleo usio na kitovu ambao huhifadhi hazina nzima ya mradi, historia na yote, ndani ya faili moja la SQLite. Na msimbo wa SQLite wenyewe unatunzwa humo tangu mwaka 2009. Isitoshe, mradi wenye mhariri mmoja, ambaye kanzidata yake haizidi megabaiti chache na hubadilika mara moja kwa mwezi, hauna matawi ya kuunganisha. Kumtaka mtu huyo aandike programu ya kutoa na kujenga upya data ni kumbebesha mzigo usio wake.

Mchangiaji wa pili

Hoja ya Fossil haigusi swali lililoulizwa. Kule SQLite ni chombo kinachobeba historia. Hapa tunauliza iwapo data iliyomo ndani ya SQLite inaweza yenyewe kuwa na historia na matawi. Hayo ni mambo mawili.

Hata hivyo sikubali kwamba maandishi ndiyo mwisho wa safari. Tuseme zahanati fulani iko kwenye mstari mmoja wa faili la CSV, yaani faili la maandishi ambalo thamani zake hutenganishwa kwa mikato. Mhariri wa Tanga anabadilisha namba ya simu, na wa Bujumbura, kwenye tawi lake, anabadilisha idadi ya vitanda ya zahanati hiyohiyo. Hawajagusana kabisa, lakini kwa Git wote wawili wamebadilisha mstari uleule, na huo ni mgongano unaohitaji kutatuliwa kwa mkono. Orodha yenye safu (column) ishirini inayohaririwa na watu kumi itakuwa na migongano ya namna hii kila wiki. Ndiyo sababu ninapendekeza Dolt, iliyotolewa kwa umma mwaka 2019. Ni kanzidata inayozungumza lugha ya MySQL, kanzidata maarufu ya seva, ina amri zinazofanana na za Git, na huunganisha matawi kwa kulinganisha rekodi kwa ufunguo msingi na thamani ya kila safu peke yake, kwa hiyo mabadiliko ya simu na ya vitanda yangeingia yote bila kuuliza mtu. Mgongano hutokea hasa pale watu wawili wanapoandika thamani tofauti kwenye safu ileile ya rekodi ileile, na huo ndio mgongano wa kweli unaostahili kuamuliwa na binadamu.

Mchangiaji wa tatu

Nashangaa CouchDB, kanzidata inayohifadhi data kama nyaraka, haijatajwa. Kila waraka wake una alama ya toleo, nakala hulandanishwa pande zote bila seva kuu, na inastahimili kukatika kwa mtandao. Mfumo wa eCHIS unaotumiwa na wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya umejengwa juu ya zana za Community Health Toolkit, ambazo hutumia CouchDB kwenye seva na PouchDB kwenye simu. Kama tatizo ni intaneti ya kubahatisha, jibu lipo.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, kwa kulandanisha uko sahihi. Lakini matoleo ya CouchDB yapo kwa ajili ya kugundua migongano, wala hayakukusudiwa kuwa kumbukumbu: usafishaji wa kanzidata ukipita, maudhui ya matoleo yaliyopitwa huondolewa. Waraka ukigongana, mfumo huchagua mshindi kwa kanuni isiyobadilika na kuiweka kando nakala iliyoshindwa mpaka programu yako iitafute. Asiyeandika sehemu hiyo ya programu atadhani hakukuwa na mgongano wowote.

Mchangiaji wa nne

Mimi nina wasiwasi na kitu mnachokisifu wote, yaani historia isiyofutika. Orodha ya zahanati kwa kawaida huwa na jina la mganga mfawidhi na namba yake ya simu, na hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinatambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Katika Git, utambulisho wa kila hatua inayohifadhiwa kwenye historia hutokana na maudhui yake na hatua iliyoitangulia, kwa hiyo kuondoa namba moja ya simu iliyoingizwa miaka mitatu iliyopita ni kuandika upya kila kilichofuata, na hata hivyo nakala zilizo kwenye kompyuta za watu hazitaguswa. Dolt nayo imejengwa kwa msingi huohuo. Mtamjibu nini mganga atakayeomba afutwe?

Mleta mada

Swali la mchangiaji wa nne ndilo zito kuliko yote, na kwangu linabadilisha mpangilio wa uamuzi: kabla ya kuchagua kanzidata, tutenganishe majedwali. Jina la kituo, mahali kilipo, idadi ya vitanda na huduma zake viingie kwenye historia ya pamoja. Majina na simu za watu vikae kwenye kanzidata ya kawaida, PostgreSQL kwa mfano, iliyo kwenye seva moja yenye msimamizi anayejulikana, na viunganishwe na vituo kwa msimbo wa kituo tu, ili ombi la kufuta litekelezwe kwa amri moja, na nakala rudufu za seva hiyo ziwekewe muda wa kuisha.

Kuhusu Dolt, hoja ya kulinganisha safu kwa safu ni ya kweli, ila kwa maandishi kuna nafuu ambayo haikutajwa: badala ya CSV, kila zahanati ipewe faili lake, na kila safu ikae kwenye mstari wake. Migongano ya simu na vitanda hupungua sana, ingawa mistari iliyopakana, ikibadilishwa kwenye matawi mawili, bado Git huihesabu kuwa mgongano. Kinachonifanya nisite kuipokea Dolt kwa mradi mdogo ni kwamba historia ya data hukaa kando na historia ya msimbo, na inabidi mtu aandike mahali fulani ni toleo gani la data linaloendana na toleo gani la programu. Kwa orodha ya vituo elfu mbili tatu, nitabaki na maandishi. Zikifika rekodi laki kadhaa, ambapo kujenga kanzidata upya huchukua dakika nyingi na GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, hukataa faili lolote linalozidi MB 100, nitahamia Dolt bila ubishi.

Kwa mwenye mhariri mmoja na SQLite yake ndogo, sina pingamizi, mradi aliondoe faili lake kwenye hali ya WAL kabla ya kulihifadhi na asimruhusu mtu wa pili kufungua tawi.