Sanduku la bati, kontena la plastiki au begi la turubai kwa vifaa vya kambi?

Mtoto wa Njiro: Wakuu, habari za mihangaiko. Tunatoka Arusha na familia, tunalala kambi za umma: Simba kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kisha Seronera kule Serengeti. Gari ni Land Cruiser. Nimechoka kubeba vitu kwenye viroba. Nichukue masanduku ya bati yale ya shule, plastiki yenye mfuniko, au mabegi?

Mpishi wa Porini: Chakula weka kwenye bati, upige kufuli. Plastiki nyani anaifungua huku unamwangalia, vile vibanio vya pembeni kwake si kitu. Ubaya wa bati ni uzito na kelele. Lango la Naabi hadi Seronera barabara ina rasta (matuta madogo madogo yanayofuatana), vikombe vinagongana mpaka rangi inabanduka. Tandika kanga kuukuu chini, sufuria ziingie moja ndani ya nyingine, katikati weka vitambaa vya jikoni. Mafuta ya kula yasimame kwenye kona, yabanwe na unga.

Dada wa Keria: Kwa chakula sawa. Tochi, dawa na nguo za baridi mimi ni plastiki, tena ile inayoonyesha ndani. Kambi ya Simba iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku baridi inakata. Nani afukue masanduku gizani kutafuta kiberiti? Ila usiiache kwenye keria ya juu ya gari juani, mfuniko unapinda na vumbi linapita. Na rambo (mifuko ya plastiki) muache nyumbani, ni marufuku tangu 2019.

Mpagazi Mstaafu: Msidharau turubai. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, sanduku tupu lingekula sehemu nzuri ya hizo. Mahema na magodoro ni begi tu. Vigingi vipe kifuko chake, vinatoboa.

Mtoto wa Njiro: Mtungi wa gesi je?

Mpishi wa Porini: Usiufungie sandukuni kabisa! Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia humo humo chini. Toa regyuleta, usimamishe wima kwenye keria, ufunge kamba, ufunike usipigwe jua.

Mtoto wa Njiro: Shukrani. Bati moja, plastiki mbili, mengine mabegi.

Dada wa Keria: Ufunguo wa kufuli akae nao anayeamka kupika chai, si dereva.